Njoki, Jina Nililobaki Nalo

Jina langu ni Njoki. Maana yake ni yule aliyerudi. Kwa Kiembu na Kimbeere tunalielewa hivyo, na Wakikuyu wanalo pia, tofauti ni ulimi tu. Nimesikia vijana wakisema ni jina zuri la kiasili. Sijui huo uzuri wanauona wapi. Nitaeleza lilikotoka, halafu kila mtu aseme mwenyewe.

Mama akizaa mtoto akafa, akazaa mwingine naye akafa, yule atakayekuja na akakaa ndiye anaitwa Njoki. Watu wanasema huyo si mtoto mpya. Ni yule yule wa kwanza, alienda akaona huko hakuna kitu, akakubali kurudi. Kwa mamangu walitangulia watatu. Mimi nikaja wakati wa njaa, mwembamba kama kidole, na hakuna aliyetarajia nimalize mwezi. Nilimaliza. Wengi waliosema nitakufa nimewazika mimi.

Nilizaliwa Mbeere, upande wa Siakago, kwenye jua na mawe. Siku hizo ukiita Njoki kisimani, wanageuka karibu nusu ya wanawake waliopo. Mtu wa leo akisikia hivyo anafikiri jina lilipendwa sana. Halikupendwa. Watoto walikuwa wanakufa, ndiyo sababu. Chanjo zilipokuja, na zahanati ikajengwa karibu, akina Njoki wakaanza kupungua. Njoki wa siku hizi ameitwa hivyo kwa sababu nyanya yake aliitwa hivyo. Amerithi jina kama mtu anavyorithi chungu, hajui kilipikwa nini ndani yake.

Mimi ninajua. Mamangu alikuwa ananihadithia mambo yangu ambayo sikuyafanya. Alikuwa anasema, wakati ule ulipoanguka motoni, halafu anainua nguo yangu na kuangalia goti. Mimi sikuanguka motoni. Aliyeanguka ni yule wa pili, kabla sijazaliwa. Mama anaangalia goti, anakosa kovu, anashusha nguo na kuendelea kupepeta mtama. Hakuwa anakasirika. Lakini baada ya siku kadhaa anaangalia tena, kana kwamba kovu lilikuwa limechelewa njiani.

Hiyo iliendelea mpaka nikawa msichana wa kubeba maji. Siku moja, yeye akiwa shambani, nikachukua kijinga cha moto nikajichoma goti. Jioni akainua nguo, akaona. Akanipaka mafuta, na tangu siku hiyo hakuangalia tena. Kovu ninalo mpaka leo. Sikuwahi kumwambia mtu lilivyoingia, hata mume wangu.

Shuleni nilifika darasa la tatu. Ninasoma, ninaandika, hesabu ninafanya kichwani, na hiyo imenitosha kununua lori. Nilianza kwa kubeba mbolea ya mbuzi mgongoni. Mbeere tuna mbuzi na hatuna mvua. Kibugu, kule juu karibu na msitu ambako niliolewa, wana mvua na udongo uliochoka kwa majani chai. Mimi nikaingia katikati. Mgongo ukawa punda, punda wakawa wengi, punda wakawa lori, na msimu wa ndengu ninabeba ndengu pia. Watu walikuwa wananicheka kwa harufu. Leo wananiita asubuhi na mapema wakitaka mbolea, na ninawapangia foleni.

Mume wangu alikufa mwanetu akiwa bado anatambaa. Nilibaki na huyo mmoja. Nilimsomesha kwa mavi ya mbuzi, nasema hivyo hata mbele ya mhubiri, na sioni aibu. Alipata kazi Meru mjini, akaoa huko huko, msichana Mmeru wa milimani, mwalimu wa chekechea. Nilimpenda. Ana mikono ya kazi na haongei sana.

Sasa, kwa Waembu mambo ya majina hayana kubahatisha. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba. Wa pili ni wa mama ya mama. Wakwe wangu wa Meru walisema hata kwao nyumbani wanafuata hivyo. Nyanya asiyeitwa na mjukuu, yaani ambaye hakuna mjukuu aliyepewa jina lake, anaisha. Akiitwa, hata akifa, asubuhi kuna mtu anaamshwa kwa jina lake, anatumwa chumvi kwa jina lake, anagombezwa kwa jina lake. Mimi nina mtoto mmoja tu. Hesabu yangu ilikuwa fupi. Ningeitwa na mtoto wa huyo au nisiitwe kabisa.

Msichana wa kwanza akazaliwa, akawa Njoki. Mimi ndiye nilimtamkia. Katika nyumba yetu mwenye jina huja na kiondo kipya, leso mpya na uji wa wimbi. Anambeba mtoto kabla ya wageni wengine, anamwambia jina sikioni, anamtia tone la uji mdomoni. Halafu wanawake wanapiga vigelegele na kula. Nilifanya yote hayo na nikarudi Kibugu nikiwa mtu mkubwa.

Mwanangu alikuwa anamwita mtoto Mama. Kwetu ni hivyo, baba hamwiti binti yake kwa jina kama jina ni la mamake. Mama amelala? Mama amenyonya? Alikuwa akipiga simu ananiambia Mama amecheka leo, na mimi ninajua si mimi. Hata kumkaripia ungesikia sauti yake inalegea. Nani anamkaripia mamake.

Mtoto alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa wakati homa ya mapafu ilimshika. Walimpeleka hospitali, akalazwa, na hakutoka. Sitaeleza hayo zaidi.

Tulimzika Kibugu, chini ya shamba la majani chai. Mtoto mdogo hazikwi na umati. Walikuwepo wanaume wachache wa jirani, mhubiri, wazazi, mkwe wangu wa Meru, mama ya mke wa mwanangu, na mimi. Mhubiri akaomba. Akasema, tunamrudishia Mungu mtoto wetu Njoki, na udongo umpokee Njoki. Nilikuwa nimesimama pale nimevaa gambuti zangu, ninasikia jina langu likizikwa. Nikaangalia wale wanaume wakirudisha udongo. Nikaona jembe moja mpini umelegea. Nikafikiri, huo mpini utatoka. Hicho ndicho nilichofikiria.

Sikulia. Watu wa Kibugu walisema nina roho ngumu, wengine walisema hivyo kwa kunisifu. Haikuwa ngumu. Ukikalia mguu ukafa ganzi, unauona, unajua ni wako, unaupiga kwa mkono na ni kama umepiga mguu wa mtu mwingine. Nilikuwa hivyo mwili mzima. Nilipanda lori asubuhi, nikapima magunia, nikalipa wapakiaji, nikala githeri bila kujua kama ina chumvi. Siku moja nilishika sufuria kutoka motoni kwa mikono mitupu na nikaiweka chini polepole. Msichana wangu wa kazi ndiye alipiga kelele.

Mwanangu aliacha kuniita Mama. Sidhani alikusudia. Lile neno alikuwa amelipeleka kwa mtoto, likaenda naye. Akipiga simu alikuwa anaanza tu, umeamkaje, mvua imenyesha huko? Na mimi ninajibu imenyesha, au haijanyesha. Na pale Kibugu nako wakaacha kuniita Njoki. Wakaniita mwenye lori. Kila mtu alikuwa analizunguka lile jina kama shimo barabarani.

Baadaye mke wa mwanangu akashika mimba tena. Akafanyiwa upasuaji, kama mara ya kwanza, lakini mara hii mambo yalikuwa magumu zaidi, na daktari akawaambia watosheke na huyo. Alikuwa msichana. Mwanangu akanipigia, akasema, mtoto amefika, mamake anaendelea vizuri, njoo Jumamosi.

Njoo. Hakusema njoo umtaje jina. Hakusema njoo umwone tu. Nikabaki na hilo njoo nikiligeuza.

Wanawake wa Kibugu waligawanyika. Wengine walisema jina langu limeshatumika. Nilipewa mtoto, nikamtaja, akaondoka, hiyo ni bahati yangu, zamu sasa ni ya upande wa mke. Wengine walisema mtoto hayupo, kwa hiyo kiti kiko wazi, na kiti cha mama ya baba hakirukwi. Jirani yangu mmoja, mwanamke wa kuchuma chai, akaniambia, wewe beba uji wako uende, asiye na uji ndiye hana neno. Nikaona ana akili.

Sitadanganya hapa. Nililitaka lile jina. Nilinunua kiondo, nikanunua leso, nikasaga wimbi mwenyewe. Nilijua hakuna mtoto mwingine nyuma ya huyu. Nilikuwa sisikii kitu chochote rohoni, lakini kutaka nilikuwa ninataka, kama mtu asiye na hamu ya chakula anavyotaka kula kwa sababu anajua atakufa.

Wanaishi ghorofani, juu ya duka la vyuma, tuktuk zinalia chini mchana kutwa. Mwanangu akanifungulia mlango, akapokea kiondo, akaangalia ndani, akaona termosi na leso. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nikaingia, nikajua kwa nini.

Mkwe wangu alikuwa ameshaketi. Mamake mke wa mwanangu na mimi tunaitana muthoni, ndiyo mkwe, neno ni moja kwao na kwetu. Ni mwanamke mnene, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwenye maneno mengi na mazuri. Miguuni pake kulikuwa na kiondo kipya. Kwenye paja alikuwa na leso ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Na juu ya meza ilikaa termosi ya maua mekundu, ile inauzwa kila soko, sawasawa na yangu.

"Muthoni," akaniambia, "leo huna harufu ya mbuzi."

"Nimeoga kwa heshima yako."

Akacheka mpaka kiti kikalia. Halafu mwanangu akaweka termosi yangu karibu na yake, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuiweka, na kicheko kikaisha.

"Hiyo ni chai?" akaniuliza.

"Ni uji. Na yako?"

"Uji."

Tukaziangalia. Mtoto mmoja, nyanya wawili wenye uji. Nafikiri kwingine wangepiga simu mapema wakauliza. Kwetu mtu haulizi habari ya jina, anaogopa kuonekana anaomba. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa amesikia lile njoo kwa sikio lake.

Tulianza kubishana kwa adabu, kila mmoja akimsifu mwenzake. Yeye alisema mimi nilikuwa wa kwanza na nilipewa heshima yangu, na hakuna aliyelalamika, na Mungu akafanya alivyofanya. Sasa ni wa pili. Mimi nikasema wa pili ni yule anayezaliwa wa kwanza akiwepo. Yeye akasema jina lake halina msiba. Jina lake ni Makena. Maana yake mwenye furaha, kila mtu Meru anajua. Akasema nyumba hii inahitaji jina la kucheka.

Hapo mke wa mwanangu akatoka chumbani. Alikuwa anatembea polepole, ameshika kidonda kwa mkono mmoja, na mtoto kwa ule mwingine. Tukamsalimia, tukamwachia nafasi. Alikuwa amesikia yote, nyumba ni ndogo.

Akamwambia mamake kwamba kwenye darasa lake ana akina Makena wanne. Kuna Makena wa mbele, Makena wa nyuma, Makena wa kamasi na Makena wa mapacha. Akiita jina darasani watoto wanne wanaitika na hakuna anayefanya kazi. Saluni iliyo chini ya nyumba yao inaitwa Makena. Hoteli ya hapo kona inaitwa Makena. Mtoto wake hataitwa kama hoteli.

"Mimi niliitwa Makena saluni hazijajengwa," mkwe wangu akasema. "Hao wote wameniiga."

Hata mwanangu alitabasamu. Lakini mke wake hakutabasamu. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba ameshaamua. Mtoto ni Njoki. Akaja akanipa mtoto mikononi.

Nilikuwa nimeshinda. Mkwe wangu akainamisha kichwa, na nikaona anaanza kuikunja ile leso yake. Mwanangu akanifungulia termosi, akamimina uji kidogo kwenye kikombe. Mtoto alikuwa mwepesi, amefumba macho, ana nywele nyingi mpaka kwenye paji la uso. Yule wa kwanza alizaliwa na upara. Alikuwa amevalishwa sweta ya manjano. Niliijua. Niliinunua Embu, kwa ajili ya yule mwingine, na ilikuwa kubwa kwa huyu, mikono imekunjwa mara mbili.

Nikachovya kidole kwenye uji. Mke wa mwanangu akainama juu ya mtoto, akawa anaongea naye karibu na mkono wangu.

"Unamkumbuka cucu, nyanya yako? Si ni yeye alikununulia hii sweta? Ulikuwa unaikataa, unalia mpaka nikutoe."

Nikangoja. Nilifikiri ni mchezo, watu wanaongea na watoto hivi na vile.

"Mbona uliniacha?" akamwambia. "Eeh? Uliniacha nikiwa na maziwa."

Halafu akanitazama, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Ulikuwa uso mzuri, uliopumzika, kama wa mtu aliyelala vizuri baada ya kazi nyingi.

"Amerudi, Mama. Hata kulia ni kule kule."

Tuktuk moja chini ilikuwa inapiga honi. Uji ulikuwa unapoa kwenye kidole changu. Nilimwona mamangu pale, wazi, na pindo la nguo yangu mkononi mwake, anatafuta. Sikuogopa wala sikuhuzunika. Nilijua tu, kama unavyojua uzito wa gunia kabla ya kuliweka kwenye mizani. Huyu mtoto angelelewa akihadithiwa mambo ya mwingine. Angeambiwa wakati ule ulipoumwa kifua. Angeangaliwa kila siku na mtu asiyemwona.

Nikapangusa kidole kwenye sketi yangu.

"Huyu hajaenda popote," nikasema. "Hawezi kurudi."

Hakuna aliyenielewa mara moja. Nikasimama, nikavuka, nikamwekea mkwe wangu mtoto kwenye paja, juu ya ile leso.

"Muthoni, mtaje. Ni zamu yako."

Mke wa mwanangu akaketi. Akaniuliza kama ninamkataa mtoto. Kwetu hilo ni neno zito. Mwenye jina akirudisha jina ni kama amemtoa mtoto nje ya nyumba.

"Simkatai. Ninakataa jina."

"Ni jina lako."

"Ndiyo sababu ninaweza kulikataa."

"Na mtoto wangu?" akasema, na hakumaanisha yule aliyekuwa kwenye paja la mamake.

Nikamwambia mtoto wake yuko Kibugu, chini ya majani chai, na huko ndiko jina lake liko, na akitaka kumwona aje wakati wowote, nitampeleka mwenyewe. Huyu hapa ni mwingine. Ana nywele. Ana sauti yake. Bado hajatenda lolote, na hakumwacha mtu. Nilisema hivyo kavu kavu kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kusema. Nilikuwa ninasikia sauti yangu kama inatoka redio ya jirani.

Mwanangu alikuwa ameegemea mlango. Alijua daktari alisema nini, alijua hesabu yangu.

"Na wewe?" akaniuliza. "Utaisha hivyo?"

"Nitaisha. Kila mtu anaisha."

Akatoka nje. Tulisikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Mkwe wangu akafungua termosi yake. Akamwaga uji kidogo kwenye leso. Akaniangalia kama anauliza ruhusa, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akainama akasema Makena, kwa sauti ndogo sana, sikioni mwa mtoto, na akamtia tone. Mtoto akakunja uso kwa sababu ya ule uchachu. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mke wa mwanangu alikuwa ameangalia ukuta. Niliacha kiondo na leso, hizo hazirudishwi. Termosi nilibeba. Uji niliunywa mwenyewe stejini, wote, nimesimama, kwa sababu haufai kumwagwa, na nikapanda gari nikarudi Embu.

Nilikaa nikingoja nisikie kitu. Majuto, au amani, au hasira. Nilikuwa nimetoa kitu ambacho sitakipata tena, na nilitarajia kuumia. Niliweza kulala. Asubuhi nikashuka Siakago kupakia.

Mke wa mwanangu alikaa muda mrefu bila kushika simu yangu. Sikumlaumu. Mkwe wangu ndiye alikuwa ananipa habari. Aliniambia binti yake hamwiti mtoto kwa jina. Anasema mtoto, mpe mtoto, mtoto ameamka. Hasemi Njoki na hasemi Makena. Mkwe wangu alikuwa na huzuni, jina lake limekaa pale kama nguo ambayo hakuna anayevaa. Siku moja akaniambia, muthoni, afadhali tungempa lako, angalau lingeitwa. Nikamwambia angoje. Sikujua angoje nini.

Mwanangu alikuja Kibugu mara moja akiwa peke yake. Akaenda kule chini ya shamba, akakaa, akarudi, nikampa chai. Tukaongea juu ya bei ya majani. Wakati wa kuondoka akasema mtoto ameanza kutembea, na kwamba anatembea vibaya, anaingia kila mahali. Nikamfungia ndizi.

Mwaka huu mtoto ameanza kwenda chekechea na mamake. Bado mdogo, lakini mamake hana mtu wa kumwachia. Na juzi, nikiwa Siakago kwenye mizani, tunapima ndengu, simu ikalia. Ni mke wa mwanangu, yeye mwenyewe. Hakuwa amenipigia tangu ile Jumamosi.

"Mama," akasema. Ninasikia kelele za watoto nyuma yake. "Huyu mtoto anauma."

"Anauma nini?"

"Watoto. Anauma watoto wa watu. Leo amemuuma mmoja shavuni, mzazi amekuja hapa na maneno."

Nikamuuliza kama meno yanaota. Akasema meno yalishaota, hiyo ni tabia. Akasema hajui ameitoa wapi.

"Yule alikuwa mpole," akasema. "Ukimnyima ziwa alikuwa anangoja tu, anakuangalia. Huyu hangoji. Huyu anauma."

Nilisimama na simu. Nilisikia alivyosema, yule, na huyu. Sijui kama yeye mwenyewe alisikia. Nikamwambia asimchape mdomo, ampe kitu kigumu cha kutafuna, kipande cha muwa, na aombe msamaha kwa yule mzazi kabla hajafika kwa mwalimu mkuu. Akasema sawa. Alikuwa karibu kukata. Halafu kitu kikaanguka huko kwake, na akageuza uso kutoka kwenye simu, akamwita mtoto kwa sauti ya mwalimu, sauti ya kuchoka na watoto.

"Makena! Toa mdomo hapo!"

Simu ikakatika. Niliiangalia. Mpakiaji wangu alikuwa amebeba gunia begani wakati huo wote, jasho linamwingia machoni, ananingoja. Akaniuliza kama tunaendelea.

Nikamwambia aweke, tunaendelea.